Chokaa Ina Kiu

Kwenye tanuri la Somoe maji yalikuwa haramu. Alikuwa amepanga mawe kwa duara kuzunguka mahali pa kuchomea, na ndani ya duara lile hapakuingia mtungi, wala kata, wala mtu aliyetoka kuoga nywele zikiwa bado mbichi. Aliyetoka kutawadha alisimama nje akijipepea mikono mpaka ikauke. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alipita na kibuyu chake cha maji ya kunywa, akavuka mawe huku anasalimia watu, na Somoe alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mwenyekiti mzima! Watu walicheka wiki nzima, na mwenyekiti akacheka nao, maana angefanya nini.

Lakini mama yule alikuwa na sababu zake. Kazi aliachiwa na marehemu mumewe, Omari, aliyekuwa fundi wa chokaa kijijini Kitunguli, kusini ya Mtwara, karibu na pale Ruvuma inapomwagikia baharini. Matumbawe yako tele ufukweni na mikoko haiko mbali. Unapanga magogo, unarundika matumbawe juu yake, unachoma, na moto ukishapoa unakuta mawe meupe, mepesi, makavu kuliko kitu chochote ulichowahi kukishika. Hiyo ndiyo chokaa mbichi, ile ambayo haijanyweshwa maji. Ukiinyunyizia inafoka, inachemka, inapasuka yenyewe mpaka inakuwa unga, na joto lake linatosha kuivisha muhogo. Ikishanyweshwa na kupoa, basi, haina tena ubaya huo, unapaka nyumba yako ukutani na maisha yanaendelea.

"Chokaa ina kiu," Omari alizoea kusema. "Ikikuta maji haichagui, itakunywa na wewe." Naye alikuwa na kovu begani la siku mvua ilipomkuta njiani na kapu la chokaa mbichi, basi maneno yake yalikuwa na shahidi. Alimfundisha mkewe kwamba chokaa ikikugusa unaifuta kwa kitambaa kikavu, unapaka mafuta ya nazi, na maji huyaoni mpaka kesho. Somoe aliyashika hayo kama alivyoshika Alhamdu. Mikono yake ilikuwa na mabaka, lakini ilikuwa mikono mizima, na hakuna mtu aliyewahi kuungua vibaya kwenye tanuri lake tangu Omari alipofariki. Jambo hilo alilisema mara nyingi, hata alipokuwa hajaulizwa.

Shoga yake alikuwa Lucinda, Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma kwa mtumbwi wakati vita vya Msumbiji vilipochacha, na katika watoto wake alibaki na mmoja tu, Inasio. Wengine aliwazika, au hakupata hata nafasi ya kuwazika, na hayo hakuyazungumza. Somoe alimkatia kipande cha shamba, akampa mbegu ya muhogo, na tangu hapo wakawa chanda na pete, yule mwenye ushungi na yule mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu. Walitaniana mpaka wageni wakadhani wanagombana. Lucinda alisema ntoto, alisema Ntwara, na Somoe alimwiga mbele za watu, naye Lucinda akamjibu kwamba afadhali ulimi wake kuliko sauti ya Somoe inayotisha popo mchana.

Na Inasio ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa Somoe. Mwanaume wa umri wa kuoa, mwenye mabega, mpole. Kupanga tanuri mtu unaweza kufundishwa, lakini kujua kwa kutazama tu rangi ya moto kwamba mawe ya katikati yameiva, hilo halifundishwi. Inasio alikuwa nalo. Alitazama, akasema "bado", na Somoe, ambaye hakumsikiliza mtu yeyote duniani, alikaa chini akasubiri.

Sasa mwaka ule, wakati vijiji vinapangwa upya na kila mahali panajengwa, msimamizi mmoja wa ujenzi kule Rahaleo, Mtwara mjini, aliagiza chokaa lori zima, na aliitaka mbichi. Ni nyepesi kubeba, alisema, na shimo la kuinyweshea analo kulekule mjini. Somoe hakupenda. "Chokaa mbichi haisafiri," alisema. "Hicho ni kichaa unakifunga kwenye gunia." Lakini mvua zilikuwa bado, mbingu nyeupe pe, na Rashidi dereva alikuja na turubai kubwa. Somoe akakubali huku amenuna. Wakapakia asubuhi, Inasio akapanda juu ya mzigo kuangalia kamba, na lori likaondoka kwa kunguruma.

Halikufika mbali. Pale bondeni, kabla tu ya nyumba za mwisho za kijiji, tairi la nyuma lilizama kwenye mchanga. Rashidi akashuka, akatukana, wakaanza kuchimba. Na wakati wanachimba, ikaja mvua. Mvua gani hiyo, jamani! Jua linawaka huku maji yanamwagika, mvua ya kupita, isiyo na habari na mtu. Ilinyesha kidogo tu ikaenda zake. Lakini turubai la Rashidi lilikuwa na tundu upande wa kushoto, na hakumwambia mtu.

Somoe alikuwa ukumbini kwake anachambua mchele alipoona moshi mweupe bondeni. Hakuhitaji kuambiwa. Ungo ukaenda upande wake na mchele upande wake, naye akatimua mbio.

Alipofika akakuta nusu ya kijiji imemtangulia, na kila mtu ana ndoo. Magunia ya upande wa kushoto yalikuwa yanafuka, katani yake inageuka nyeusi, na mbao za lori zimeanza kunuka kuungua. Hatua chache kutoka hapo ni nyumba ya makuti ya Mzee Bakari, na ya pili yake, na ya tatu. Watu waliona moto, na mtu akiona moto anatafuta maji, si ndivyo? Kijana mmoja alishainua ndoo.

"Weka chini!" Somoe alipiga ukelele uliomfanya Rashidi mwenyewe aruke. "Weka chini maji hayo, utatuua sote!" Akaifikia ndoo, akaipiga teke, akaigeukia nyingine. Mama mmoja alilalamika kwamba nyumba zitateketea. "Zitateketea ukimwaga hayo! Hujui hii? Hii maji ndiyo kuni zake!"

Akaanza kugawa kazi. Magunia makavu ya upande wa kulia yashushwe kwanza, yapelekwe ghala la korosho lenye bati. Wanawake wachote mchanga mkavu, wa uvunguni mwa ghala na wa chini ya mapaa, popote mvua haikufika. Yale yanayofuka yavutwe na wanaume wawili wawili kwa makoleo na majembe, yasibebwe kifuani, yatupwe pale peupe mbali na makuti, yafukiwe. Watu walikimbia. Hapakuwa na ubishi. Gunia baada ya gunia lilianguka, mchanga ukamwagwa juu, moshi ukapungua. Mwenyekiti, yule wa kibuyu, alichota mchanga kwa kofia yake. Somoe alisimama katikati na kanga imefungwa kibwebwe, anaelekeza huku anafoka, na moyoni mwake, kwa kweli, alijisikia vizuri. Alimkumbuka Omari. Alitamani angekuwepo aone.

Juu ya lori lilikuwa limebaki gunia moja, pembeni, chini kabisa, lile lililokuwa limekaa kwenye dimbwi tangu mwanzo. Inasio aliinama kulichomoa. Katani ilikuwa imeshaungua ndani kwa ndani, na alipovuta, gunia likaachia. Uji mweupe wa moto na vumbi na vipande vikamrukia usoni.

Alianguka chini kutoka kwenye lori akiwa ameshika macho. Somoe hakuwahi kuisikia sauti kama ile kwa mtu mzima.

"Maji!" Inasio alilia. "Maji, mama! Maji!"

Lucinda alikuwa amesimama na wenye mchanga. Akatupa ungo, akakimbilia kibanda cha Mzee Bakari, akatoka na mtungi wa maji ya kunywa ameukumbatia, umejaa, unamwagika-mwagika mdomoni. Watu wakampisha. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya mwanawe Somoe alipomfikia.

"Usimwagie! Lucinda, usimwagie!"

"Ntoto anaomba maji," Lucinda alisema.

"Utampikia macho! Hukuona gunia?"

"Ntoto wangu anaomba maji!"

Akauinamisha mtungi. Somoe akaupiga kwa mkono wake. Mtungi ukaruka, ukagonga jiwe, ukapasuka, na maji yote yakanywewa na mchanga mbele ya macho yao. Lucinda aliinua uso akawatazama watu, mmoja mmoja, akitafuta atakayemletea mengine. Ndoo zilikuwepo pale, zimejaa. Hakuna aliyesogea. Wangesogeaje? Punde tu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba Somoe anajua na wao hawajui, na nyumba zao zimesimama kwa sababu walimtii. Kijana wa ile ndoo ya kwanza aliinyanyua kidogo, akamtazama Somoe, akairudisha chini.

Basi Somoe alifanya alivyofundishwa. Alimfuta uso kwa ncha kavu ya kanga, taratibu, kwa upendo wote, huku anamwambia vumilia baba, vumilia. Akaletewa mafuta ya nazi, akammiminia machoni, akayafunga macho kwa kitambaa. Inasio aliendelea kuomba maji. Wakalikwamua lori, wakampakia, na Rashidi akaendesha kwenda Mtwara kama mtu aliyefukuzwa, Inasio kichwa kiko mapajani mwa mama yake. Barabara ile ni mashimo matupu. Njia nzima Lucinda hakusema neno lingine, ila kila mwanawe alipoomba alimshika mkono na kuitika, "Naam, nwanangu." Somoe alitazama nje.

Hospitalini walipokewa na nesi mmoja, Magreth, mwembamba, mwenye miwani. Alifungua kile kitambaa na uso wake ukabadilika.

"Kimemwingia nini?"

"Chokaa mbichi," Somoe alisema.

"Mmemwosha kwa maji kiasi gani?"

"Maji?" Somoe alijinyoosha. Na alilisema kwa kujivuna, Mungu amsamehe, alilisema kama mtu anayetoa zawadi. "Hata tone halikumgusa. Nililizuia mimi mwenyewe."

Nesi Magreth aligeukia mlangoni. Aliita wenzake, wakamlaza Inasio ubavu, wakamfungua kope kwa nguvu, wakaanza kummiminia maji machoni. Jagi baada ya jagi. Somoe alipiga ukelele, akataka kuingilia, mtu akamshika bega. Akafumba macho akingojea mfoko, akingojea mchemko na harufu. Hakusikia kitu. Alipofumbua aliona maji yanatiririka shavuni kwa Inasio, meupe kama tui, kisha meupe kidogo, yanaingia ndani ya beseni. Na Inasio, aliyelia njia nzima kutoka Kitunguli, alikuwa amenyamaza. Vidole vyake vilivyokuwa vimekunjwa vilifunguka.

"Ahaa," alisema kwa sauti ndogo. "Hapo. Hapo hapo. Asante."

Somoe alikaa chini sakafuni.

Walimwosha muda mrefu, wakipokezana. Baadaye Nesi Magreth alitoka na mikono imelowa mpaka viwiko, akachuchumaa mbele ya wanawake wale wawili. Hakuwa na ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa nao.

"Mngemmwagia palepale," alisema. "Unafuta ile kavu haraka, halafu maji, mengi, bila kuacha."

"Lakini inachemka," Somoe alisema. "Mama, mimi hii naijua. Inachemka na maji."

"Kwenye gunia inachemka, ndiyo. Chokaa nyingi, maji kidogo, maji yanaichokoza tu. Machoni ni chokaa kidogo. Ukileta maji mengi yanaifukuza, inaondoka na moto wake. Na jicho, mama, halijawahi kuwa kavu. Lina machozi. Chokaa ilikuwa inakunywa humo muda wote mlipokuwa njiani."

Somoe alimgeukia Lucinda. Lucinda alikuwa anamtazama nesi, si yeye. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa habari aliyokwisha kuisikia.

"Aliomba," Lucinda alisema. "Nwenyewe aliomba."

Jicho la kulia likafa kabisa. La kushoto likabaki na mwanga tu: anajua mchana umefika, anajua mtu amesimama mlangoni, lakini ni mtu gani, mpaka aseme. Walirudi Kitunguli. Lucinda aliendelea kupalilia shamba lile alilokatiwa, alipita mbele ya ukumbi wa Somoe kwenda kisimani, akitoa salamu kama anavyowasalimia watu wote. Utani haukuwepo tena, na neno shoga likafia hapo. Somoe alitamani atukanwe. Alilala akisikia mtungi unapasuka. Watu walimpa pole, wakamwambia ni kazi ya Mungu, wakamwambia bila yeye kijiji kingeungua, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Angekuwa mjinga mtupu siku ile, Lucinda angemwaga maji yake na mambo yangekwisha.

Na Omari je? Usiku wa kumsomea hitima, mwaka ulipozunguka, Somoe alishindwa kuitikia dua. Alimpenda yule bwana. Alikuwa na hasira naye.

Alikwenda kwa wafinyanzi akachukua mtungi mpya, mkubwa, akaujaza kisimani, akajitwika mwenyewe, mwanamke wa umri ule ambaye maji alikuwa anachotewa. Akapita katikati ya kijiji. Lucinda alikuwa uani anamenya muhogo, na Inasio amekaa kando yake anapasua maganda kwa vidole, amegeuzia uso juani.

"Hodi."

"Karibu."

"Nimekuletea mtungi," Somoe alisema. "Badala ya ule."

"Ule ulikuwa wa Nzee Bakari," Lucinda alisema. "Npelekee yeye nwenye ntungi."

Somoe alibaki amesimama, maji yanamtiririka shingoni. "Lucinda, nilidhani namwokoa. Wallahi nilidhani namwokoa. Nisamehe."

Lucinda aliendelea kumenya. Kisu kilikwenda, muhogo ukabaki mweupe, akaudumbukiza kwenye sufuria, akachukua mwingine.

"Mimi sina kazi na ntungi," alisema mwishowe. "Kisima kiko karibu. Maji yalitakiwa kule kwako. Peleka kule."

"Wapi?"

"Unapajua."

Somoe alipajua. Aligeuka, na mtungi wake kichwani, akashika njia ya ufukweni.

Siku hiyo palikuwa na tanuri la kufunguliwa. Wachomaji walikuwa wamekaa nje ya duara wanajipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kazi, na walipouona mtungi waliacha. Somoe alifika kwenye mawe, akasimama kidogo, akavuka. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Omari tangu ujana alisema, "We Somoe, una wazimu?" Somoe alichimba kishimo kwa kisigino, akauweka mtungi, akaukandamiza ukakaa imara, akaweka kata juu yake.

Watu wengine walikuja. Lucinda naye alikuja, amemshika Inasio mkono. Wakasimama nje ya mawe.

"Sikilizeni," Somoe alisema. Sauti ile inayotisha popo ilikuwa imekwenda wapi sijui; ilibidi watu wasogee. "Chokaa kwenye gunia, mchanga. Hilo halijabadilika. Chokaa kwa mtu, machoni, mwilini, popote: futa upesi, halafu maji haya. Yote. Yakiisha, bahari ile pale. Msiulize mtu. Na mkiniona mimi nimesimama hapa nakataza, nisukumeni nianguke, mpite."

Mzee yule aliyefanya kazi na Omari alitazama miguu yake.

"Tutakusukuma," Lucinda alisema.

Hakusema shoga. Somoe alingoja kidogo, labda neno lingefuata, halikufuata. Inasio alikuwa amegeuzia uso kwenye tanuri, ananusa, anausikiliza moto uliokufa.

"Haya," Somoe alisema, akachota mafuta ya nazi kiganjani, akaanza kujipaka mikono.